Nyumba Isiyo na Jivu

Watu wananijua kwa usafi, na wengine wamenisema vibaya kwa huo huo usafi. Sioni haya. Mtu akiingia kwangu na viatu vya tope namtazama tu, naye mwenyewe hurudi mlangoni. Lakini kuna dawa moja ya kusafishia ambayo haijavuka kizingiti changu tangu miaka ya sabini ilipoanza. Wajukuu wakiniuliza kwa nini nyanya anaweka jivu, magadi na ndimu chini ya sinki wakati maduka yamejaa chupa za kila rangi, huwajibu kwamba mama mkwe wangu hakupenda harufu. Wanaridhika na hilo jibu, nami huliacha hapo.

Dawa yenyewe kila mtu wa umri wangu anaijua. Ni nyeusi, nzito, ilikuwa ikiuzwa kwa kopo, na ukiitia majini inageuka nyeupe. Harufu yake huingia kichwani ikakaa.

Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo. Mimi ni mtu wa Riruta, mume wangu alitoka upande wa Kakamega, na tulipanga nyumba ya mawe karibu na Soko la Kenyatta: sebule, chumba cha kulala na jiko dogo ambamo huwezi kugeuka ukiwa na hasira. Yeye alikuwa karani, mimi nilipiga taipu katika ofisi moja mjini. Mama yangu alinung'unika kidogo kuhusu ndoa hiyo, kisha akanyamaza. Mama yake hakuja harusini. Sisi tulisema ni kwa sababu ya macho yake, yaliyokuwa yameingia mtoto wa jicho. Majirani walisema mengine, na sikuwa na uhakika kwamba ni waongo.

Kisha akatuma salamu kwamba anakuja. Hospitali kuu ilikuwa imekubali kumtengeneza macho, na angekaa kwetu siku chache kabla ya kulazwa. Mume wangu akanieleza, huku akicheka, kwamba kwao mama mtu akila kwa mara ya kwanza chakula cha mke wa mwanawe, katika nyumba ya huyo mke, basi mke ana nyumba. Asipokula, hana. Yeye alicheka. Mimi niliacha kulala vizuri.

Mama yangu alinilea kwa jivu. Nyumbani kwetu Riruta sufuria zilisuguliwa kwa jivu na gunzi la mahindi, meza ya mbao kwa magadi, na mikono iliyonuka vitunguu kwa ndimu. Nilipopata kazi mjini niliona hayo yote ni ushamba. Siku moja mke wa mkubwa wetu alitualika chai nyumbani kwake Kitisuru, sisi wasichana wa ofisini. Nilikwenda msalani, nikakuta panang'aa na panatoa harufu kali ya ile dawa nyeusi. Haikunipitikia akilini kwamba dawa ya msalani hukaa msalani. Nilichojiambia ni kwamba hivi ndivyo nyumba za watu wanaojiweza zinavyonukia, na nikirudi mjini nitanunua kopo langu.

Kwa hiyo mama mkwe alipokuwa njiani, nilichukua ruhusa kazini nikaishambulia ile nyumba. Nilipiga deki kwa dawa. Nikapangusa milango, madirisha, miguu ya meza na mbao za kitanda. Mapazia niliyaloweka humo humo. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo nilikiona ni cha watu wavivu. Juu ya hayo yote sakafu yetu ya saruji nilikuwa nimeipaka polishi nyekundu wiki nyingi mfululizo, nikiisugua kwa magoti mpaka uliweza kuuona uso wako ndani yake. Nilikuwa tayari. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alifika asubuhi, ameshikwa mkono na mwanawe. Mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga leso mbili, na kikapu ambacho hakutaka mtu ambebee. Macho yake yalikuwa na ukungu, na alipotaka kukuona aligeuza kichwa upande kidogo. Ndipo nilipotambua kwamba ile sakafu yangu hakuwa na macho ya kuionea. Alifika kizingitini, akavuta pumzi, akasimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani. Akaurudisha nje taratibu.

"Nitakaa hapa nje kidogo," akasema. "Iko upepo mzuri."

Tukamwekea kigoda barazani. Nikamletea chai ya maziwa. "Weka hapo, mama," akaniambia kwa upole, na chai ikakaa pale mpaka ikafanya utando. Mchana nilipakua kuku na wali, akasema ameshibishwa na safari. Baadaye nilichungulia dirishani nikamwona anakula kiazi kitamu kilichopoa, alichokitoa kikapuni mwake.

Usiku alilala sebuleni karibu na dirisha, akaomba lisifungwe. Asubuhi nilimkuta amejifunika pua kwa leso. Hapo nilielewa kila kitu, au nilijidanganya kwamba nimeelewa: huyu mama anaona tunanuka. Anaona msichana wa Kikuyu ni mchafu, na nyumba yake ni chafu. Basi nilifanya nini? Nilichukua kopo nikapiga deki upya, kwa hasira, mara mbili ya jana, nikamwaga nyingine barazani alipokaa. Yeye akainuka, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa karibu na lango la barabarani, kwenye vumbi, akitazamana na watu waliokuwa wakienda sokoni.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini walizungumza kwa lugha yao, muda mrefu, yeye amechuchumaa na mama amekaa. Kisha akanijia jikoni.

"Anasema anataka kurudi nyumbani."

"Na hospitali?"

"Anasema macho iko sawa."

"Macho iko sawa? Mtu hajui hata kikombe kiko wapi."

"Mimi nifanye nini? Nimemuuliza, hataki kusema." Akavua tai akaiviringisha mkononi. Alikuwa mtu mpole, na wapole wakibanwa hawasemi kitu. "Anasema nimpeleke kwa basi kesho jioni."

Nilikaa juu ya debe la mafuta ya taa nikalia, na sikulia kwa sababu ya macho yake, nataka kusema ukweli. Nililia kwa sababu angefika kwao, angeulizwa chakula cha mjini kilikuwaje, naye angesema hajakionja. Halafu nikakumbuka kwamba bila hospitali angekuwa kipofu kabisa, nikaona haya, nikalia kwa hilo pia.

Kesho yake, Jumamosi, mama yangu akaja kutoka Riruta kumwamkia mwenzake. Alikuwa na kiondo cha mahindi mabichi mgongoni na chupa ya maziwa mkononi. Alifika langoni, akavuta hewa, na badala ya kusalimu akauliza, "Ni nani mgonjwa hapa?"

"Hakuna mgonjwa," nikasema.

"Basi ni nini hii ulimwaga?"

Nikampeleka kwa mama mkwe, wakashikana mikono kwa mikono yote miwili, wakaanza kuzungumza kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mmoja wao aliijua kwa kuibia sokoni. Waliitana Mama ya Kijana na Mama ya Msichana. Baadaye waliingia barazani kukimbia jua. Mimi nilikuwa jikoni nakata mboga ya sukuma, dirisha wazi, nasikia kila neno. Walianza na mvua, wakaenda kwenye bei ya mbegu. Kisha mama yangu, ambaye hakuwahi kuzunguka jambo akiliona limekaa mbele yake, akauliza.

"Mama ya Kijana, naambiwa wewe hukuli hapa. Kama msichana yangu amekosa, sema na mimi. Mimi ndiye nilimzaa."

Nilisimamisha kisu.

"Hajakosa," mama mkwe akasema. "Ni mzuri. Anaamka mapema. Lakini hii nyumba iko na harufu ya wodi."

"Wodi gani?"

"Mimi nilikuwa na msichana. Mmoja tu, wengine vijana. Alishikwa na homa, tukampeleka hospitali kule nyumbani. Nilikaa na yeye chini ya kitanda, nalala hapo kwa simiti. Asubuhi wanakuja kuosha na hiyo dawa. Wanaosha, mimi nainua miguu. Siku moja wanaosha, nainua miguu, naangalia juu, msichana amemaliza." Kigoda chake kikalia. "Hiyo harufu ikarudi na mimi nyumbani. Kwa nguo, kwa nywele. Nikipata chakula, naona iko ndani."

"Na kwa nini hukusema?"

"Naanzaje? Huyu mtoto ameolewa jana. Hajazaa. Mimi nimletee maiti kwa nyumba?"

Mume wangu alikuwa mdogo wakati huo, yuko shule ya bweni, na aliporudi dada yake alikuwa ameshazikwa. Alijua alikufa hospitalini. Habari ya harufu hakuna aliyemwambia. Nilibaki nimeshika sukuma, naangalia lile kopo jeusi kando ya beseni, na nilitamani ardhi inimeze mimi na kopo langu.

Mama yangu aliingia jikoni. Hakunigombeza, na hapo nikajua jambo ni zito.

"Lete jivu," akasema.

"Hakuna. Napikia stovu ya mafuta."

Alitazama stovu, kisha akanitazama mimi. "Hii ni nyumba gani haina jivu?"

Mume wangu alipoingia kutoka kazi ya nusu siku ya Jumamosi, akamtuma Riruta. Msimu wa maharagwe ulikuwa umekwisha, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na rundo la mashina makavu ya maharagwe yaliyongoja mbuzi. Akamwambia alete gunia la hayo mashina, na debe la jivu la mekoni, na magunzi. Alirudi na vyote hivyo juu ya paa la gari la abiria, na tai yake bado shingoni. Wakati huo sisi tulikuwa tumetoa godoro, viti na mablanketi juani, na mapazia tumeyang'oa.

Mama yangu akapiga magoti katikati ya sebule. Akamwaga jivu kavu, akanyunyiza maji, akaanza kusugua kwa gunzi kama alivyofanya maisha yake yote. Mama mkwe alikuwa mlangoni, leso puani, anasikiliza. Nadhani alivumilia kadiri alivyoweza.

"Mama ya Msichana, wewe unapaka sakafu matope," akasema.

"Hii ni jivu. Inatoa kila kitu."

"Jivu haipakwi hivyo. Inachujwa."

"Inachujwa kwani ni chai?"

Basi mama mkwe akavuka kizingiti. Hakuna aliyemwita wala kumsihi. Alivuka kwa sababu hakuweza kumwacha mwanamke mwenzake aendelee kufanya kazi vibaya. Akakaza leso kiunoni, akataka debe kuukuu na msumari. Akamwambia mwanawe atoboe matundu chini ya debe, akaweka nyasi kavu ndani. Nje akayachoma yale mashina ya maharagwe, peke yake, bila kuchanganya na kuni nyingine, akalijaza debe kwa jivu lake lililo safi. Kisha akamimina maji kidogo kidogo, na chini yake akaweka sufuria. Yakaanza kudondoka maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Aliyagusa kwa kidole, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa, akayarudisha juu. Alipoonja tena aliridhika.

Ukishika maji hayo yanateleza mkononi kwa namna ya sabuni. Tulifua nayo mapazia, tukapangusa milango na mbao za kitanda. Kwenye sakafu wale mama wawili hawakukubaliana hadi mwisho, kwa hiyo ilioshwa mara mbili: kwanza kwa jivu na gunzi la mama yangu, kisha kwa maji ya mama mkwe. Polishi yangu yote iliondoka. Ule wekundu wa wiki nyingi ulitoka kwenye matambara ukaenda na mtaro, na sakafu ikabaki imefifia, na mabaka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Iliniuma, sitaki kusema haikuniuma. Nilisugua tu.

Mikono yetu ilianza kuwasha, maana maji ya jivu ni makali kwa ngozi. Mama yangu akakata ndimu akatugawia vipande tujipake, na mwasho ukatulia. Maganda akayaacha kwenye madirisha. Chini ya kitanda akaweka mabakuli ya makaa mazima yasiyowashwa yanywe harufu. Kisha akapendekeza tuchome majani ya mkaratusi yafukize nyumba.

"Hapana," mama mkwe akasema. "Hiyo nayo inanuka dawa."

"Basi unataka inuke nini?"

"Inuke moto. Inuke mtu amepika."

Tukaazima jiko la makaa kwa jirani, tukaliwasha barazani, na makaa yalipokolea nikaliingiza ndani, madirisha yote wazi. Mama mkwe akatoa kikapuni kunde zake zilizokaushwa na unga wa wimbi. Kunde zilipokuwa motoni akaniita nilete yale maji ya jivu aliyoyatenga kwenye kikombe kabla hatujaanza kuosha.

"Tia kidogo," akasema.

"Kwenye mboga?"

"Ndiyo. Sisi ndiyo tunatumia kulainisha."

"Lakini ndiyo tumeoshea sakafu."

"Na ndiyo maana nimeoshea sakafu," akasema. "Ile yako ungetia kwa chungu?"

Mama yangu aliangua kicheko mpaka akaketi. Mimi nilitia. Kunde zikalainika, mchuzi ukawa mzito, na harufu ya chungu ikaenea sebuleni, ikapita chumbani, ikagusa mapazia yaliyokuwa bado na unyevunyevu. Nilisonga ugali wa wimbi mwenyewe. Mkono wangu haukuuzoea, ukatoka na mabonge. Nikapakua, nikamnawisha mikono, nikamwekea sahani mezani ndani ya nyumba, nikarudi nyuma nikasimama karibu na ukuta.

Alikaa. Alikata tonge, akalibonyeza kidole, akachovya. Kabla halijafika mdomoni alisita, akavuta pumzi ndefu, na mume wangu akaangalia chini. Kisha akala. Alitafuna polepole, akakuta bonge, akalitoa akaliweka kando ya sahani.

"Huu ugali umepikwa na nani?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Utajifunza," akasema, akakata tonge jingine.

Habari ya basi la jioni haikutajwa tena, na hakuna aliyemkumbusha.

Hospitali ilibaki, na hospitali ilinuka vile vile. Siku ya kulazwa nilimfungia leso ambayo nilikuwa nimeifua kwa maji ya jivu na kuianika juu ya moshi wa jiko. Mwanawe alitaka kuomba ruhusa kazini akae naye. Mama mkwe akamwambia aende ofisini, akageuza kichwa upande upande mpaka akanipata. "Huyu ndiye atakuja," akasema. Nikaenda. Wodini alijifunika ile leso usoni, na kwa mkono mwingine akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, tangu mlangoni mpaka kitandani.

Asubuhi baada ya kutengenezwa macho nilimkuta amelala chali, amefungwa bendeji, haoni chochote. Nilikuwa nimesugua sufuria kabla ya kutoka nyumbani. Nilipoketi tu nikasikia ndoo inaburuzwa huko mwisho wa wodi, na ile harufu ikatangulia. Akaisikia. Nilimwona shingo inakakamaa. Akanyoosha mkono hewani, anatafuta, nami nikampa wangu. Akauvuta mpaka puani, akaunusa, kiganja na kati ya vidole, mahali jivu na ndimu hukaa.

Muuguzi alikuwa anapita kitandani kwetu. "Mama, huyu ni nani yako?" akamuuliza.

Siku zote kwetu alikuwa ameniita mama, kama anavyoitwa mwanamke yeyote, au bibi ya kijana. Aliendelea kuushika mkono wangu pale pale usoni.

"Ni msichana yangu," akasema.

Mpiga deki akafika kitandani kwetu na ndoo yake. Nikainua miguu, akaosha, akapita.